Shingo ya Hamidi

Kila alasiri upepo wa Dodoma ulipita uani kwa Stara, ukazichezesha nguo za mitumba alizouza mumewe, Hamidi. Stara alikaa kibarazani akiota macho wazi. Wiki iliyopita Hamidi alitolewa uvimbe kwenye pafu. Madaktari hawakumpasua kifua chote. Walipitisha kamera na vifaa kwenye matundu matatu madogo ubavuni. Sasa yuko nyumbani, na tena ananenepa!

Asubuhi moja Hamidi alijaribu shati la mtumba. Kola ilikataa kufunga.

"Shingo imejaa!" alishangilia mama yake, Bi Joha. "Stara, mchuzi wako umefanya kazi."

Stara akamwona tena Hamidi wa siku ya harusi yao, mwenye mashavu manono. Ndoto tamu hiyo! Lakini sauti ya Hamidi ilikuwa ya puani, na kila baada ya maneno mawili alitweta.

"Nahisi... kama naelea," alisema.

"Leteni mafuta ya karafuu nimchue," alisema Bi Joha.

Stara alimgusa mumewe shingoni. Chini ya ngozi kitu kilichakacha kama maganda makavu ya karanga. Akakimbia kumwita jirani yao Edina, muuguzi.

"Shikamoo, mama," Edina alimwamkia Bi Joha.

"Marahaba. Njoo uone mwanangu alivyonawiri."

Edina aligusa taratibu. "Mama, huu si unene. Ni hewa. Pafu likivuja, hewa huingia chini ya ngozi. Hutokea mara chache, hata kwa upasuaji wa matundu madogo."

"Nimchue kidogo tu?"

"Hapana, mama. Msimchue wala msimtoboe. Hewa ikijaa kifuani hulibana pafu, na mtu anaweza kufa. Akae wima. Twende hospitali sasa hivi."

Hospitalini daktari alimwekea Hamidi mrija kifuani. Hewa ilitoka ikibubujika kwenye chupa ya maji. Stara aliyatazama mapovu yale siku baada ya siku, kama mtu aliye usingizini, akiomba yakome. Siku ya sita yakakoma; pafu halikuvuja tena.

Hamidi alirudi nyumbani na shati lile lile. Kola ilifunga, ikabaki nafasi ya vidole viwili.

"Mwanangu kakonda," alinung'unika Bi Joha.

Stara alilaza sikio kwenye kifua cha mumewe, akafumba macho.

"Mwache akonde, mama. Anapumua."