Geji Ilisema Salama

Ndugu zangu mnaokula kwa jasho, na nyinyi wa ofisini mnaotia sahihi, sogeeni mnisikilize. Kulikuwa na mtu aliyechunga boila katika kiwanda cha udobi kilichofua mashuka ya hospitali. Boila hilo halikuzimwa usiku wala mchana. Mtu huyo walimwita Fundi Moshi. Mkewe alipiga pasi humo humo, hatua kumi kutoka kwenye boila, miaka kumi na miwili.

Asubuhi moja nyumbani kwao kulikuwa na amani. Walikunywa chai, wakagombania kipande cha mwisho cha mkate, mke akashinda kama kawaida yake, wakaongozana kazini wakicheka.

Mke alikuwa na mazoea yake. Kabla ya kushika pasi, huweka kiganja juu ya kitambaa kilichofunika bomba la mvuke. Wenzake humtania, "Daktari, mgonjwa kaamkaje?" Siku hiyo aliwapita. Alimfuata mumewe.

"Baba watoto, zima moto."

"Kuna nini?"

"Sijui. Bomba linatetemeka vingine. Machale yananicheza."

Fundi Moshi akatazama geji, ile saa inayopima nguvu ya mvuke. Ilikuwa mpya, haijamaliza wiki. Mshale umetulia tuli kwenye alama ya kijani.

"Geji inasema salama. Hayo machale yako yana mshale?"

"Hayana. Lakini nimelizoea bomba hili kama nilivyokuzoea wewe. Ukiniambia huna hasira, mimi najua unayo."

Sasa sikieni jambo ambalo Fundi Moshi hakumwambia mtu. Naye alikuwa amehisi. Tangu alipoingia, malaika ya shingoni yalimsimama. Valvu ya kuzimia moto ilikuwa mbele yake, mikono anayo. Akaenda kwanza kuomba ruhusa.

Meneja hakuinua hata kichwa. "Namba ngapi?"

"Namba ni nzuri, bosi. Ila mke wangu anahisi..."

"Anahisi!" Meneja akacheka, na karani naye akacheka kwa kuwa bosi kacheka. "Tumenunua geji ili tuachane na ramli. Hospitali inangoja mashuka. Kaandike kwenye daftari."

Daftari lilikuwa na safu ya saa na safu ya namba. Mahali pa kuandika "tunaogopa" hapakuwapo. Fundi Moshi akaandika namba, akaongeza "salama", akatia sahihi. Kisha akafanya lile linalomtafuna mpaka leo. Aibu aliyotwishwa ofisini akaenda kumtwika mkewe, mbele za watu.

"Umenifanya nichekwe na wakubwa! Shika pasi yako, mama. Mitambo tuachie wenyewe."

Watu wakaangua kicheko. Mke akamtazama kidogo, akarudi mezani.

Hakumaliza shuka la tatu. Bomba lilipasuka, mvuke ukajaa chumba kizima. Wenzake walitoka na malengelenge. Yeye hakutoka.

Wachunguzi walikuta mshale wa geji umekwama. Meneja akawafunulia daftari. "Imeandikwa salama. Sahihi si yangu." Baada ya miezi miwili akahamishiwa kiwanda kikubwa zaidi. Ndivyo walivyo wakubwa wetu, msiba wa mnyonge kwao ni ngazi.

Fundi Moshi humlaumu meneja kila siku, na haki anayo. Lakini watu wakishaondoka, akabaki na kiti kitupu upande wa pili wa meza, huja neno ambalo halimhusu meneja: yule hakuhisi kitu. Wewe ulihisi.

FUNZO

Mkono uliozoea kazi unajua, hata kama hauna cheti. Moyo unaweza kukosea, lakini geji nayo hukosea. Basi hofu ya mzoefu msiifanye ushahidi, wala msiifanye kichekesho. Ichukueni kama hodi: mtu akibisha, unainuka ukatazame ni nani. Wakubwa, msiwafunge watu midomo kwa namba. Nawe uliyeshika valvu, usingoje ruhusa ya kumwamini mkeo. Zima kwanza. Kuchekwa huisha jioni ile ile; hili lingine haliishi.