Kaburi la Zena Kwenye Kioo cha Zuhra

"Kuza tena."

"Nikizidi hapo itakuwa ukungu mtupu, Baba Anwari."

"Kuza, Zuhra. Mkorosho ule ulioinama ndio wenyewe."

Zuhra akabofya alama ya kujumlisha kwenye kompyuta ya duka lake la steshenari, Masasi. Ramani ya barabara mpya, iliyochorwa juu ya picha ya angani, ikavimba mpaka nikaliona shamba langu la Chiungutwa. Chini ya mkorosho ndipo alipolala marehemu mke wangu, Zena. Mstari mwekundu ulimpita katikati.

Zena alikufa na uchungu wa uzazi, amelazwa kwenye toroli, gari la wagonjwa limekwama mchangani. Wakubwa walikuwa wapi? Barabara waliyomnyima akiwa hai, leo wanampitishia kifuani! Na tangazo lao linasema mwenye pingamizi afungue ramani mtandaoni, aandike juu yake. Asiyeandika amekubali. Eti sisi wa darasa la nne!

"Niandike nini?"

"Andika: Hapa amelala Zena binti Salmini. Pindeni barabara."

Akaandika. Kikaratasi cha njano kikatokea juu ya kaburi. Zuhra akanitazama kwa pembeni.

"Na mimi nikifa utaniandikia nini?"

"Usinianze. Si tunafunga ndoa Ijumaa, na kaka yako ameshanunua mbuzi wa karamu?"

"Tunafunga watatu, naona."

Nikacheka, nikapanda bodaboda kurudi nyumbani.

Alhamisi greda likanguruma shambani. Nikasimama mbele yake na panga langu. Msimamizi wa wajenzi, Optatus, akashuka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Pindeni. Niliandika kwenye ramani kwamba mke wangu amelala hapa."

Akatoa simu, akaitanua ramani kwa vidole viwili, akanionyesha. Mkorosho upo. Cha njano hakipo.

"Mzee, ukiandika kwenye kivinjari bila kuhifadhi, ukifunga inapotea. Waliohifadhi wakaturudishia faili, tumewapindia."

"Basi pinda na hapa!"

"Wakubwa wameshasaini. Mimi natumwa tu. Nakupa mpaka jioni umhamishe."

Nikampigia Zuhra.

"Ulituma?"

"Si niliandika mbele ya macho yako?"

"Nauliza ulituma? Greda liko hapa!"

Nikasikia anavuta kamasi.

"Ulipotoka nikalikuza lile jina. Likajaa kioo kizima. Nikajiuliza, mimi nitakaa wapi? Nikafunga bila kuhifadhi."

"Mtu ameshakufa, Zuhra!"

"Kila siku unaniambia amekufa, na kila siku unamtaja."

"Kwa hiyo ukaona akanyagwe na malori?"

"Nilidhani hawatafika haraka hivi..."

Nikakata.

Shemeji zangu wakaja na majembe. Shehe akasoma. Hakuna kiongozi hata mmoja aliyetia mguu, wale waliokuja kula pilau la matanga. Nilikuwa ndani ya shimo, sanda mpya mkononi, simu ikalia mfukoni. Ujumbe wa Zuhra:

"Baba Anwari, nimeandika upya nimetuma. Wewe fungua uone. Nisamehe mume wangu. Kesho ipo?"

Faili lilikuwa chini yake. Nikafungua. Nikakuza kwa vidole vyenye udongo. Kikaratasi cha njano kilikuwa pale pale niliposimama: Hapa amelala Zena binti Salmini.

Optatus akawasha greda.

Nikamjibu Zuhra: "Mwambie kaka yako yule mbuzi asimchinje."