Damu Hasi ya Rukiya

Kila asubuhi Bi Zubeida alikaanga mahamri katika nyumba yake ya Kibokoni, Mji wa Kale. Alikaanga mengi kuliko walivyoweza kula. Binti yake, Rukiya, alimcheka.

"Mama, sisi tu watatu. Haya yote ya nani?"

"Mkono umezoea, mwanangu. Zamani nyumba hii ilijaa watu. Sahani ya mbaazi ikitoka hapa haikurudi tupu. Sasa majirani wengi wamehama."

Rukiya alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mumewe, Awadh, alikuwa karani wa ghala huko Shimanzi. Jioni moja Awadh aliisoma kadi ya kliniki ya mkewe. Ilikuwa imeandikwa: *Kundi la damu O, hasi. Arudi wiki ya ishirini na nane kwa sindano.*

"Hasi?" Awadh aliuliza. "Una maradhi?"

"Sijui. Nilipoambiwa damu yangu ni hasi niliona haya. Sikuuliza."

Bi Zubeida alitikisa kichwa. "Sindano ya nini na wewe ni mzima? Mimi nilizaa wanne hapa nyumbani, na sikudungwa hata moja."

 Katika wale wanne, waliokua ni wawili: Ziad, kifungua mimba, na Rukiya, kitinda mimba. Wa katikati walizikwa wachanga.

Siku ya sindano ilifika. Rukiya hakwenda.

Kesho yake Ndinda alipiga hodi. Ndinda alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi. Alitoka Ukambani, na alikuwa amepanga chumba cha chini kwa miaka tisa. Alimwamkia Bi Zubeida, akasalimiana na Awadh, akapewa chai. Rukiya akamwonyesha kadi.

"Mbona hukwenda, mdogo wangu?"

"Naogopa, dada. Damu yangu ina ubaya gani?"

"Haina ubaya wowote. Sikiliza. Chembe za damu zina alama juu yake. Alama hizo huitwa antijeni. Mwili huzitambua zilizo zake. Ukikuta antijeni ngeni, kama ya kijidudu cha surua, hutengeneza kingamwili za kupigana nayo. Ndivyo tunavyopona."

"Sasa hiyo hasi?"

"Wengi wetu tuna antijeni moja inayoitwa D. Hao ni chanya. Wewe huna, ndiyo maana wewe ni hasi. Awadh, wewe je?"

"Nilitoa damu kazini. Mimi ni O chanya."

"Basi mtoto anaweza kuirithi D kwako. Wakati wa kuzaa, damu yake kidogo inaweza kuingia kwa mama. Mwili wa mama utaiona ngeni, utengeneze kingamwili. Mtoto wa kwanza kwa kawaida huwa salama. Lakini kingamwili hubaki. Mimba ijayo zitamfikia mtoto aliye chanya tumboni na kuvunja damu yake. Atazaliwa dhaifu, na atageuka manjano."

Kikombe cha Bi Zubeida kilitua mezani kwa kishindo.

"Manjano kama binzari?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Wanangu wawili walikuwa hivyo. Wa kwanza alikaa siku tatu, wa pili siku mbili. Watu walisema ni jicho la hasidi. Nilifukiza ubani nyumba nzima." Alimgeukia binti yake. "Na huyu Rukiya je? Mbona alipona?"

"Bila kukupima siwezi kuapa. Lakini huenda nawe ni hasi, na Rukiya alichukua damu kama yako. Hakuwa na D, basi kingamwili zako hazikuwa na cha kushambulia."

"Kwa hiyo halikuwa kosa langu?"

"Halikuwa, mama. Hata kidogo."

Bi Zubeida alijifuta macho kwa leso. "Na hiyo sindano?"

"Huuzuia mwili wa mama usianze kutengeneza kingamwili. Zikishakuwepo, sindano haisaidii tena. Ndiyo maana anadungwa sasa, na tena akijifungua mtoto chanya, kabla ya siku tatu kupita, na hivyo kwa kila mimba. Hata mimba ikiharibika au damu ikitoka, aende hospitali upesi."

"Kesho nakwenda naye mwenyewe," alisema Bi Zubeida.

Walikwenda. Rukiya alipimwa kwanza, kingamwili hazikuwepo. Akadungwa. Bi Zubeida naye alipimwa: O, hasi.

Rukiya alizaa msichana. Mtoto alikuwa chanya, na siku ya pili Rukiya akadungwa tena.

Baada ya miaka mitatu alizaliwa mvulana, chanya pia. Bi Zubeida hakubanduka kando yake. Kila asubuhi alimpeleka dirishani, akamtazama macho na ngozi. Siku ya pili ikapita, ya tatu ikapita. Mtoto alinyonya na kulia kwa nguvu.

Siku ya saba walifanya akika. Ziad alikuja na wanawe, na ngazi zikajaa viatu. Ndinda alimkuta Bi Zubeida jikoni peke yake, akilia.

"Kuna nini, mama?"

"Nawataja wanangu. Nilikuwa siwezi. Wa kwanza ni Kasim, wa pili ni Nasra."

Ndinda aliketi karibu naye. "Nieleze walivyokuwa," alisema.

Bi Zubeida akaanza kumweleza.