Taa Niliyoizima kwenye Gari la Shemeji

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na nane, fundi umeme wa magari hapa Dodoma. Siandiki ili mnionee huruma. Nilimuua dada yangu kwa globu ndogo kuliko punje ya karanga... na aliyefungwa ni mtu mwingine.

Ilikuwa miaka ile magari ya mitumba ya Japani yalipomiminika nchini. Kila wiki liliingia gari lenye mitambo ambayo hatukuwahi kuiona, na sisi tuliojifunzia kwenye malori tukajifanya tunaijua yote. Wateja waliniita Dokta. Jina hilo lilinilevya kuliko pombe.

Nyemo, mdogo wangu wa pekee, aliolewa na Elia, dereva wa lori aliyekuwa amehamishiwa ofisini kuwa karani. Elia alikuwa mtu wa taratibu zake. Tangu enzi za lori, kila asubuhi alizunguka gari na kirungu kifupi cha mpingo, akigonga tairi moja moja na kusikiliza mlio. Lililopungua upepo alilijua kwa sikio.

Aliponunua kigari chake cha kwanza, aliniletea siku ya tatu tu. Kwenye dashibodi kulikuwa na taa ya rangi ya chungwa, yenye umbo la tairi na alama ya mshangao katikati. Akiwasha gari inapepesa kama dakika nzima, kisha inabaki inawaka.

Nilijua ni nini. Fundi mmoja wa Dar alikuwa amenieleza: ndani ya kila ringi, kwenye shina la valvu, pale unapojazia upepo, kuna sensa yenye betri yake. Inapima upepo na kutuma habari kwa redio. Taa ikiwaka moja kwa moja, kuna tairi limepungua. Ikianza kwa kupepesa, sensa yenyewe ndiyo mbovu, mara nyingi betri imekufa, na haifunguliwi ukabadilisha betri. Unaweka sensa nyingine na kulifundisha gari kuitambua.

Nilipima matairi yote kwa geji. Yalikuwa mazima. Basi sensa moja ilikuwa imekufa, na Dodoma nzima hapakuwa na ya kuweka wala kifaa cha kulifundisha gari.

Ningesema hivyo tu! Ningemwambia, "Shemeji, hii imenishinda, endelea na kirungu chako." Sentensi moja. Lakini pale gereji palikuwa na wateja watatu wananitazama... na Dokta hashindwi.

Nikafungua dashibodi, nikachomoa globu ya ile taa, nikafunga. Nikamwambia nimetengeneza.

"Ikiwaka tena ujue tairi limepungua, simama," nilimwambia. "Isipowaka, twende kazi. Na hicho kirungu niachie hapa, shemeji. Unatutia aibu, hili si lori la pamba."

Watu walicheka. Elia naye akacheka, akakiegemeza ukutani. Akaniamini. Kwa nini asiniamini? Nilikuwa kaka wa mkewe.

Miezi miwili baadaye walikwenda kijiji cha Haneti kusaidia mavuno ya uwele. Binti yao Tumaini, wa miaka minne, walimwacha kwa mama yangu, kijijini Zuzu. Nyemo alipita gereji kuniaga, amekaa kiti cha nyuma upande wa kushoto kwa sababu cha mbele kilijaa magunia matupu. Niliwaangalia wakiondoka. Nilikumbuka ile globu, sitawadanganya. Nikajisemea nitamwambia wakirudi.

Mwiba wa mgunga ulikuwa umeingia kwenye tairi la nyuma. Upepo ukavuja kidogo kidogo, na kwenye ile barabara ya vumbi Elia hakuhisi lolote. Walipita Makutupora tairi likiwa linachemka. Kabla ya Haneti likapasuka, gari likabiringika mara mbili. Elia alivunjika mkono. Nyemo hakufika hospitali.

Elia alirudia neno lile lile kwa kila mtu: "Taa haikuwaka. Nilikuwa naiangalia njia nzima, haikuwaka." Watu wakaona amechanganyikiwa.

Askari aliyekagua lile gari aliniita nimsaidie kama fundi. Akazungusha ufunguo. Taa zote za dashibodi ziliwaka pamoja, kama zinavyopaswa kuwaka kabla ya kuzimika, isipokuwa moja.

"Hii ya matairi mbona haiwaki na wenzake?" aliniuliza.

Wasomaji wenzangu, mlango ulikuwa wazi... Nikajibu kwamba labda globu iliungua gari lilipobiringika. Akaandika. Globu yenyewe ilikuwa kwenye kopo la misumari, gereji kwangu.

Mahakamani nilisema gari lilikuwa zima. Elia alifungwa kwa uzembe barabarani. Mama yangu alimlaani mbele ya watu, akamlea Tumaini akimfundisha kwamba baba yake ni muuaji. Nilisikia maneno hayo kwa miaka, nikila ugali wa mama.

Elia alitoka amekonda, anakohoa. Alikwenda Zuzu kumwona mwanawe, binti akamfungia mlango. Mwaka haukuisha, tukamzika. Watu wa ukoo wetu hawakuja. Mimi nilikwenda, nikashika koleo kama watu wengine.

Mwezi uliopita Tumaini, sasa mwalimu, aliniletea gari lake. Ile ile taa! Inapepesa, kisha inabaki. "Shikamoo mjomba," alisema. "Mafundi wa siku hizi waongo, ninayekuamini ni wewe." Nikamwambia ukweli: sensa imekufa, sina ya kuweka, mpaka ipatikane apime kwa geji kila asubuhi matairi yakiwa ya baridi.

Akaokota kirungu pale ukutani, akagonga tairi akicheka. "Cha nani hiki?"

"Cha mteja wa zamani," nilijibu.

Akakirudisha. "Baba angekuwa anapima hivi, mama angekuwepo leo."

Nikainamisha kichwa kwenye injini.

Mafundi, nawasihi: usichokiweza sema hukiwezi, hata wakucheke. Taa mbovu iacheni iwake, msimtume mtu barabarani akiitegemea. Na wewe unayejua jambo la kumwokoa mwenzako, usingoje arudi.

Tumaini mwanangu, najua unalisoma gazeti hili. Kile kirungu ni cha baba yako. Alikuwa anapima kila asubuhi, mpaka nilipomnyang'anya.