Mtoto Aliyeitikia

Mama Scola aliita mara moja tu, na aliyeitikia hakuwa Mama Ombeni.

"Mama Ombeni! Maji yanatoka, leta ndoo kabla hayajakata!"

"Naam," sauti ikajibu kutoka chumba cha mwisho. Ilikuwa sauti nyembamba ya mtoto wa kiume, mtoto aliyefundishwa adabu.

Mama Scola akatabasamu, akaendelea kukinga. Alijua jirani yake ana mtoto anayesoma kwa bibi yake kule Dareda. Kumbe amekuja likizo. Hakuwaza zaidi ya hapo, mpaka geti lilipolia na Mama Ombeni mwenyewe akaingia akitoka sokoni, jasho likimtiririka, kikapu begani.

"Ee! Kumbe hukuwepo? Na mtoto umemfungia ndani kama kuku wa sikukuu! Si ungeniachia hapa acheze na Scola?"

"Mtoto gani?"

"We mama, umepigwa na jua? Ombeni. Nimekuita, akaitika yeye."

Kikapu kilimponyoka. Nyanya zikabingirika mpaka kwenye mfereji wa maji machafu, na Mama Scola akaanza kuziokota huku akicheka peke yake, kwa sababu hakujua neno moja ambalo mwenzake alikuwa analijua. Hakukuwa na Ombeni. Hakuwahi kuwepo.

Jina alilopewa Mama Ombeni kwa ubatizo ni Genoveva. Alipokuwa akiishi Nangara, karibu na ndugu wa mume, mimba zake zilikuwa zinaharibika kabla watu hawajaziona, na ndugu hao hawakumwita Mama fulani kwa kuwa hakukuwa na fulani. Walimwita "huyo mke wa Sosthenes." Alipohamia Bagara, kwenye nyumba ya kupanga ambako hakuna aliyemjua, siku ya kwanza tu bombani Mama Scola akamuuliza kwa uzuri kabisa, "Karibu jirani. Wewe ni Mama nani?"

Naye akajibu, "Mama Ombeni."

Jina lilitoka lenyewe. Akaulizwa mtoto yuko wapi, akasema yuko Dareda kwa bibi yake, anasoma. Alikusudia kuusahihisha uongo ule jioni ileile. Hakuusahihisha.

Na uani pale jina halipumziki. Vyumba vimetazamana, bomba moja, choo kimoja, na juu ya kuta hakuna kizuizi, dari ni moja kwa wote, ukipiga chafya kwako unaambiwa pole kutoka vyumba vitatu. Kutwa nzima mtu anaitwa. Mama Ombeni, zamu yako ya kufagia! Mama Ombeni, sufuria yako inaungua! Mama Ombeni, nisaidie chumvi kidogo! Sosthenes, ambaye alikuwa dereva wa Fuso la kubeba mbaazi na vitunguu, aliporudi safari ya kwanza akakuta wanaume wanamsalimia getini, "Baba Ombeni, habari za njiani?" Aliingia ndani akafunga mlango, akamuuliza mkewe kwa kunong'ona Ombeni ni nani. Genoveva akamweleza huku akilia. Alidhani atapigwa. Sosthenes alikaa kitandani na viatu vyake.

"Basi na awepo," akasema.

Hata kwenye jumuiya ya kanisa walimjua Ombeni. Ilipofika zamu ya kusali nyumbani kwa Genoveva, mwenyekiti wa jumuiya alitoa nia kwa sauti kubwa: tumwombee mtoto wetu Ombeni aliye mbali na wazazi, Mungu amlinde na amlete salama. Wote wakaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Genoveva naye aliitikia. Rozari ilikuwa mkononi mwake.

Baada ya siku ile ya nyanya, mambo yakaanza kuonekana mchana kweupe. Alipotoka kuanika nguo na kurudi, alikuta nyayo ndogo za maji kwenye sakafu ya saruji, zikitoka mlangoni kwenda chini ya kitanda, na hazikuwa na za kurudi. Chumba kilianza kunuka matope ya ziwani, ile harufu ya matete yaliyooza pale viboko wanapolala, ingawa ziwa liko mbali na nyumba hiyo na upepo ulikuwa unavuma kutoka mlimani. Majirani walimwambia kupitia darini, "Mpe huyo mtoto dawa ya kifua, anakohoa sana ukitoka."

Sasa hapa lazima isemwe kweli, maana kosa lake la pili lilikuwa kubwa kuliko uongo wa kwanza. Genoveva aliogopa, lakini pia alifurahi. Mwanamke aliyezoea chumba kitupu alianza kubakiza uji kwenye kikombe cha plastiki na kukiweka chini ya kitanda. Akirudi anakikuta kimelambwa kikawa safi, na ukingo wake umejaa alama za meno madogo. Alikiosha, akakijaza tena. Aliendelea kupokea komunyo kila Jumapili na hakumwambia padri neno. Mara moja, alipokuwa akichambua mchele peke yake, aliimba wimbo wa kubembeleza, na chini ya kitanda kitu kikaacha kukohoa, kikatulia, kikasikiliza.

Kisha akapata mimba.

Nesi wa kliniki alipomthibitishia, alirudi kwa miguu bila kupanda bajaji, ili furaha isiishe haraka. Kikombe cha uji hakukijaza siku ile. Alisahau tu. Kesho yake alikikuta kimepasuliwa vipande, na vipande vimepangwa kwenye mto wake, upande anaolalia.

Mchana wa juma lililofuata alikuwa amejilaza. Uani palikuwa kimya, watu wako kazini, kuku tu wanaparura. Akamsikia Scola, binti mdogo wa jirani, akiongea na mtu nyuma ya ukuta wa chumba chake.

"Scola," akaita dirishani, "unaongea na nani?"

"Na Ombeni wako."

"Anasemaje?"

Mtoto akatega sikio kama anayepokea ujumbe, akainua uso uliojaa vumbi. "Anasema hapo tumboni kuna mtu amekaa mahali pake. Anasema yeye ndiye aliitwa kwanza. Anasema atamtoa kwa kumvuta mguu."

Genoveva alitaka kumwambia Scola akimbilie kwao, lakini kabla mdomo haujafunguka godoro lilibonyea pembeni yake, taratibu, kama linavyobonyea mtoto anapopanda kitandani kwa magoti akiogopa kumwamsha mama, na harufu ya matope ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na shuka likaanza kuvutika kuelekea tumboni, likavutika na kutulia, likavutika na kutulia, na kitu chenye ubaridi wa samaki kikajilaza juu ya kitovu chake kikiwa kimejikunja, kichwa, mabega, magoti, kikitafuta namna ya kuingia. Alipiga kelele. Kitu kikaondoka. Alipoangalia shuka, lilikuwa na damu.

Haikuwa nyingi. Hospitali walisema mimba bado ipo, apumzike, asinyanyue vitu vizito. Lakini Genoveva alijua ameonywa, na kwamba safari nyingine hatasalimika. Alikwenda mlango wa mbele, kwa mwenye nyumba.

Bi Sijaona alikuwa mjane aliyetoka Kondoa zamani, mkali kwa wasiofagia choo, na watu wa dini zote walimletea watoto wenye degedege na ndoto mbaya, akawasomea dua. Alimsikiliza Genoveva bila kumkatiza. Halafu akashusha sauti.

"Mwanangu, kuna viumbe hawana jina wala kwao. Wanapita tu, wametujaa kama upepo, na hawatugusi kwa sababu hatuwaiti. Huyu umemwita wewe. Jirani zako wamemwita kutwa. Kanisani kwenu mmemwombea aletwe. Sasa yeye afanyeje? Ameitika."

"Nifanye nini atoke?"

"Jina lirudishwe. Mimi nitasoma, lakini kusoma kwangu ni kufungua mlango tu. Wa kumtoa ni aliyemwingiza. Wewe na mumeo mtasimama hapo uani mbele ya watu wote, mseme kweli kwa midomo yenu."

"Watanicheka, Bi Sijaona. Watanicheka mpaka nihame."

"Watacheka," yule mama akasema. "Na wakimaliza, utakuwa na mtoto. Au hawatacheka, na utakuwa na huyo."

Jumamosi alikwenda kuungama. Jumapili baada ya misa, wapangaji wote wakakusanyika, wengine na sahani zao mkononi wakidhani ni kikao cha umeme. Bi Sijaona akasoma Ayatul Kursi kwa sauti ya chini, akinyunyiza maji kutoka chumba cha mwisho kuelekea getini. Genoveva akasimama kwenye jua.

"Sina mtoto anayeitwa Ombeni. Sijawahi kuwa naye. Niliwadanganya kwa sababu niliona aibu. Naomba mnisamehe, na lile jina msiniite tena."

Mama Scola, ambaye hakuna jambo aliloshindwa kulifanyia utani, alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Hakuna aliyecheka. Kila mmoja alikuwa anaikumbuka sauti aliyoisikia darini.

"Baba, na wewe," Bi Sijaona akasema.

Sosthenes alitazama chini. "Sina mtoto anayeitwa Ombeni," akasema, na sauti ilimkatika katikati ya jina.

Geti likafunguka lenyewe, polepole, likajifunga. Mbwa wa nyumba ya pili akalia kama aliyekanyagwa. Harufu ikaisha.

Tangu hapo walimwita Genoveva, kavukavu, kama msichana wa shule. Aliuvumilia uchi ule wa jina na kuuhesabu kuwa ni kitubio chake. Miezi ikatimia, akajifungua mtoto wa kiume mwenye nguvu, wakambatiza Aniceti. Uani wakapiga vigelegele. "Mama Aniceti! Haya sasa, huyu tunamwona kwa macho!" Mama Scola akapaza sauti, na safari hii watu walicheka mpaka mtoto akashtuka.

Sosthenes peke yake hakuchangamka. Akiitwa Baba Aniceti alichelewa kuitikia, kama anayekumbushwa. Alimbeba mtoto vizuri, alimletea nguo, lakini hakukaa nyumbani. Siku mbili tu anaondoka. Utingo wake akaacha kazi bila kuaga. Aliyefuata akaacha naye, akamwambia Genoveva alipokutana naye stendi, "Shemeji, mume wako ni mtu mzuri. Lakini kwenye ile kabini tulikuwa tunabanana." Hakutaka kueleza zaidi.

Alasiri moja Fuso lilikuja likapaki nje ya geti, lakini Sosthenes hakushuka. Genoveva akangoja. Akamchukua Aniceti, akatoka akimnyonyesha. Injini ilikuwa imezimwa. Mumewe alikuwa ameinama upande wa pili wa kabini, akimega andazi vipande vidogo na kuvipanga kwenye kiti cha abiria. Mkanda wa kiti kile ulikuwa umefungwa, na kitambaa cha kiti kilikuwa kimelowa.

"Baba Aniceti," akaita kwa sauti ndogo. "Nani yuko hapo?"

Sosthenes hakushtuka. Aligeuka na uso wa mtu aliyechoka kuficha.

"Nilisema yale maneno, Geno. Si uliniona? Nikayasema kweli. Nilipoondoka siku ile nikamkuta kona ya kwenda Singida, amesimama pembeni ya lami anatetemeka. Magari yanampita. Ningempitaje na mimi?" Akafuta chembe za andazi kwenye suruali. "Hawezi kuingia nyumbani. Nimemkataza, na yeye anasikia. Nimekuja tu amwone mdogo wake kwa mbali."

Harufu ya matope ilitelemka kutoka dirishani. Aniceti aliachia titi, akageuza kichwa, akatazama kile kiti kama anayetazama mtu.

"Shikamoo, mama," sauti nyembamba ikasema.

Genoveva aliuma midomo. Ulimi wake, uliofundishwa tangu utotoni kwamba mtoto akikuamkia humwachi hewani, ulikuwa tayari umeshainuka, na ilimbidi auzuie kwa meno mpaka akaonja chumvi, maana alielewa bila kuambiwa na mtu kwamba akiitikia amempokea, na akimpokea hakuna dua itakayomtoa tena. Akamkandamiza mwanawe kifuani. Akaanza kurudi nyuma.

"Mwitikie tu," Sosthenes akamwomba. "Ni mtoto. Anakusalimia."

"Shikamoo, mama," sauti ikarudia kwa subira, na sasa ilipazwa kidogo, ikapita juu ya geti.

Ndani, Mama Scola alikuwa ameinamia beseni la nguo, povu mpaka kwenye viwiko, mgongo ameelekeza nje. Alimsikia mtoto wa watu anaamkia, hajibiwi. Hilo hakulipenda.

"Marahaba, mwanangu!" akaitikia kwa moyo mkunjufu. "Karibu, pita ndani!"

Mkanda wa kiti ukafunguka.