Ngazi ya Fundi Rangi Ubaoni

Tone la rangi ya kijani lilidondoka kutoka juu ya ngazi likatua kwenye koti jeupe la muuza dawa, pale mlangoni pa duka, watu wakipishana. Fundi rangi alishuka kuomba radhi, na siku hiyo hakupanda tena. Mwezi haukuisha, wakawa wanaitana laazizi.

Kisha muuza dawa akaanza masomo ya jioni, apate kufanya mtihani wa kuingia chuo cha ufamasia. Mwalimu wa hesabu alikuwa kijana mrefu, shati limenyooka, manukato yanamtangulia mlangoni. Fundi hakulala. Jioni moja alipiga simu mara thelathini na moja. Ya thelathini na mbili ikapokelewa.

"Chagua. Mimi au huyo mwalimu wako."

"Mtihani ni wiki ijayo, mpenzi. Kama huniamini, njoo ukae."

Akaja, kanyoa, ananukia sabuni, akakaa mbele kabisa. Mwalimu aliandika 3x + 4y = 24, akamwita muuza dawa atafute mstari huo unaikata wapi mihimili miwili. Akaweka y sifuri, akapata x ni nane. Akaweka x sifuri, akapata y ni sita. Akaunganisha nukta. Mwalimu akampa tabasamu. Fundi akalipima kwa jicho, akaliona refu mno.

"Hiyo itamuua mtu," akasema.

Darasa zima likamgeukia. Akaeleza kwamba mhimili wa chini ni sakafu, wa kusimama ni ukuta, na ngazi iliyowekwa mguu futi nane kutoka ukutani ili ifike futi sita tu, lazima iteleze. Yake huiweka mguu futi mbili, kichwa futi nane. Muuza dawa akacheka, akaandika pembeni: 4x + y = 8. Fundi akaiona ngazi yake imekuwa hesabu, akasahau kununa.

Nje, muuza dawa alimshika mkono.

"Umeona? Naondoa kimoja, nijue kingine kimesimama wapi. Haya, niondoe mimi. Unabaki na nini?"

"Ngazi. Na ndoo mbili."

"Nikikuondoa wewe, mimi nabaki na mtihani wangu. Basi usinilazimishe kuchagua."

Wiki ile simu haikulia darasani hata mara moja. Muuza dawa alifaulu, na posa ikafika kabla ya barua ya chuo. Harusini mwalimu alialikwa kwa heshima zote. Kiti chake alikipanga bwana harusi mwenyewe, kwa futi kamba, ukutani kabisa, mwisho wa ukumbi.