Sahani Safi za Chumba cha Mwisho

Sahani ya chumba cha mwisho ilirudi jikoni ikiwa safi. Si safi ya mtu aliyeshiba akafuta mchuzi kwa kidole. Ilikuwa inang'aa kama imetoka dukani, tena kavu. Mpishi aliigeuzageuza, akainusa, akasema inanuka kibiriti kilichotoka kuwashwa. Mhudumu aliyeileta akamjibu aache kunusa vyombo vya watu, aoshe.

Mhudumu huyo ndiye tutakayekwenda naye mpaka mwisho, na mtanisamehe, maana simpendi. Wenzake walimwita Chapuchapu, naye akalivaa jina hilo kama nishani. Aliweza kumwogesha mzee, kumfunga nepi, kumvisha na kumkalisha kitini kabla maji ya beseni hayajapoa, mzee wa watu akabaki anajiuliza kama ameogeshwa au amepigwa. Kulisha ndiko kulikomshinda. Mzee haharakishwi kumeza. Unampa kijiko, unangoja; anatafuna, anasahau kwamba anatafuna, unamkumbusha, anameza, unampa kingine. Ni kazi ya subira, na siku subira inagawiwa Chapuchapu alikuwa ameshapita mbio.

Nyumba ile ya kutunzia wazee ilikuwa na kanuni moja nzuri. Mzee aliyepotewa na kumbukumbu hapingwi. Akikwambia mumewe kaenda sokoni, humwambii kwamba mumewe alikufa zamani, maana utakuwa unamzika upya kila asubuhi. Unamwuliza tu kaenda kununua nini. Kanuni ya huruma kabisa. Chapuchapu aliipenda kwa sababu yake mwenyewe: kukubali kunachukua muda mfupi kuliko kueleza. Ndiyo babu, gari lako liko nje. Ndiyo bibi, mama yako yuko njiani. Alipita vyumbani akimwaga ndiyo zake kama mtu anayewatupia kuku mtama, na hakuna siku hata moja aliyogeuka kutazama zimeangukia wapi.

Chumba cha mwisho alikaa Mwalimu. Alikuwa bibi wa watu, mwembamba, mwenye ulimi mkali, aliyefundisha watoto wa watu mpaka na wajukuu wao. Vidole vilikuwa vimejikunja, haviwezi tena kushika kijiko, na akili ilikuwa inakwenda na kurudi. Mchana mmoja Chapuchapu alipoingia na sahani, Mwalimu alimwonyesha kwa kidevu kiti kilichokuwa karibu na dirisha.

"Kuna mtu pale," alisema. "Simjui. Anakitolea macho chakula changu."

Mhudumu mwenye moyo angekaa kitandani, angemshika mkono, angemwuliza mtu huyo anafananaje, na huku anauliza angemlisha. Chapuchapu alikuwa na troli zima la sahani linamngoja koridoni na chai yake inapoa. Akaiweka sahani mezani, akakigeukia kiti kitupu, akainama kidogo kwa madaha.

"Kumbe una mgeni, Mwalimu. Karibu mgeni, jisikie nyumbani. Kuleni pamoja, nawe mgeni umsaidie na kijiko. Mimi nakuja."

Akatoka anacheka. Aliporudi kuchukua vyombo, sahani ilikuwa nyeupe. Mwalimu alikuwa ameugeukia ukuta. Mto wa kile kiti ulikuwa umebonyea katikati, na Chapuchapu alipouweka sawa akaukuta una joto. Akajiambia ni jua. Siku ile jua halikutoka, lakini mtu anayetaka kuwahi chai yake haendi kuchungulia mawingu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa, alilichukua mwenyewe. Chapuchapu akawa anakuta kitanda kimetandikwa, shuka limekazwa mpaka Mwalimu hawezi kujigeuza. Beseni limeshamwagwa. Mwalimu, ambaye alipaswa kugeuzwa ubavu mara kwa mara asipate vidonda vya kulalia, anakutwa ameshageuzwa, na begani ana alama nyekundu za vidole virefu kupita kiasi. Mtu mwingine angepiga yowe. Huyu mwanamke alipaka zile alama mafuta, akashukuru kwamba kazi imepungua.

Sahani nazo zikawa zinarudi safi kila mlo. Madamu, meneja wa nyumba, mama aliyewapenda sana wazee mradi wasimguse, alimsifu Chapuchapu mbele ya wenzake kwa jinsi Mwalimu anavyokula. Wakapiga makofi. Kwenye kikao kizima cha watu wenye macho mawili mawili, hakuna aliyeuliza mbona huyu anayekula hivyo nguo zinamvuka.

Siku moja Mwalimu alimkamata mkono. Akili ilikuwa imerudi, ilionekana machoni.

"Mwanangu," alinong'ona, "nina njaa."

"Umekula, Mwalimu. Sahani hiyo hapo, tupu."

"Kala yeye. Anakula ananitazama." Akatupa jicho kitini, akashusha sauti zaidi. "Mwambie aondoke. Mimi nimemfukuza mpaka nimechoka. Anasema mwenyeji wake ni wewe."

Pale kitini mto ukatoa pumzi, taratibu, kama unavyofanya mtu akihamisha kalio. Chapuchapu alirudi nyuma hatua moja. Alijua. Tusije tukadanganyana baadaye kwamba hakujua. Alijua palepale, na alijua pia kwamba kama hakula Mwalimu siku hizo zote, basi yeye ndiye aliyemnyima. Sasa akachagua neno alilolizoea.

"Sawa, Mwalimu. Nitamwambia."

Hakumwambia. Tangu hapo alikuwa akiisukuma sahani kwa ncha ya kiatu kutoka mlangoni na kuufunga mlango, kisha anasimama koridoni mchana kweupe, taa zinawaka, redio ya mpishi inaimba jikoni, na nyuma ya mlango anasikia utafunaji, si wa bibi asiye na meno bali wa kitu chenye meno mengi kisichokuwa na haraka yoyote, kinachotafuna na kunyamaza na kutafuna tena, na katikati ya utafunaji huo sauti nyembamba ya Mwalimu ikiomba japo kidogo, japo makombo, mpaka harufu ya kibiriti inapita chini ya mlango na kumpanda miguuni, naye badala ya kufungua anaziba masikio kwa viganja vyake vyenye glovu na kungoja sahani iwe safi.

Mtoto wa kwanza wa Mwalimu alikuja na matunda. Ni bwana mmoja mwenye tumbo la heshima, aliyezoea kumbusu mama yake kwenye paji la uso, kupiga naye picha, kuituma kwa ndugu na kuondoka kabla injini ya gari haijapoa. Safari hii alimwinua mama ili picha ipendeze, akamwona mwepesi kama nguo iliyoanuliwa kambani. Akaogopa kwelikweli, hilo nampa. Madamu akamweleza kwamba uzee ndivyo ulivyo. Mwalimu akasema kitini kuna mtu. Bwana yule akageuka, akauona mto ukibonyea.

Sasa mtu mzima, aliyesoma, mama yake amebaki mifupa. Angeuliza mama anakula nini, nani anamlisha, angemaliza. Lakini swali hilo lingemrudia yeye: ulikuwa wapi? Akaona heri amtafute mtaalamu wa majini.

Mtaalamu alikuja na mkoba wa ngozi na viatu vinavyong'aa, akasumbua watu kwanza kuhusu mahali pa kuegesha gari. Akasoma, akapuliza, akanyunyiza maji mpaka shuka likalowa na bibi wa watu akaanza kutetemeka kwa baridi. Kiti hakikujali. Alipochoka kujionyesha, ndipo akauliza swali la maana: wewe ni nani, na unataka nini hapa?

Jibu lilitoka kitini. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye tonge mdomoni.

"Mgeni. Nilikaribishwa nile, ninakula. Mgeni haagi mpaka mwenyeji amruhusu."

"Nani aliyekukaribisha?"

"Amesimama mlangoni."

Wote wakamgeukia Chapuchapu: Madamu, mtoto wa Mwalimu, na Mwalimu mwenyewe kutoka kwenye mto wake. Mtaalamu, ambaye nadhani kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa anafanya kazi aliyolipwa, alimwelekeza kwa upole. Akamwambia hakuna gumu. Akiri kwamba ni yeye aliyemkaribisha, aseme alimkaribishia nini, kisha ampe ruhusa ya kwenda. Kitu cha namna hii kikisikia ukweli kwa mwenyeji wake hakina pa kukaa.

Mwalimu alimtazama tu, kama alivyowatazama maisha yake yote watoto wanaojua jibu na hawataki kunyoosha mkono.

Chapuchapu akafungua mdomo. Ukweli ulikuwa mfupi, ungemchukua muda mfupi kuliko kufunga nepi. Lakini alimwona Madamu amekunja uso, akamwona yule bwana na tumbo lake na simu yake, akaona kibarua kinaota nyasi, akajiona akisimama mbele ya polisi akieleza kwa nini kikongwe alikaa na njaa mbele ya sahani. Akavuta pumzi.

"Mimi sijamkaribisha mtu," alisema. "Mwalimu namlisha kwa mkono wangu kila siku. Waulizeni jikoni."

Redio ya jikoni ilizimika. Mto wa kiti ukaanza kuinuka, polepole, mpaka ukajaa, na sakafu ikalia mara moja, na mara ya pili karibu zaidi, kisha ile harufu ikakijaza chumba kiasi kwamba Madamu alishika pua na mtaalamu akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga kabati, na sauti ilipokuja haikutoka tena kitini bali katikati yao, mahali ambapo wote watano walikuwa wanapaona na hapakuwa na kitu, ikiwa imeshameza tonge lake na maneno yanatoka wazi.

"Mmesikia wenyewe. Sikukaribishwa. Basi mimi si mgeni, na kama si mgeni, hapa ni kwangu. Wageni ni nyinyi. Kaeni."

Hakuna aliyekaa. Mtaalamu aliusahau mkoba. Madamu alijifungia ofisini. Mtoto wa Mwalimu, na hapa narudisha nusu ya matusi yangu, alimbeba mama yake mikononi na shuka lake bichi, akamtoa nje bila viatu, akamlaza kiti cha nyuma cha gari. Kabla hawajafika barabara kubwa Mwalimu aliuliza kama nyumbani kuna uji. Ulikuwepo. Mkwe wake alimlisha kijiko kwa kijiko mpaka giza likaingia, na bibi aliukosoa kwamba hauna sukari, akamaliza wote. Yule wa kitini hakumfuata. Amfuate wapi, naye ameshapata nyumba?

Siku iliyofuata sahani zote zilirudi jikoni zikiwa safi.

Za vyumba vyote. Madamu, baada ya kunywa vidonge vyake vya presha, alisema labda mpishi amejirekebisha. Mpishi alivua aproni, akaitundika msumarini, akaondoka, na mimi namwona kuwa ndiye mtu pekee mwenye akili katika nyumba ile. Wazee wakaanza kuisha. Walilala na njaa, wakaamka na njaa, na wale waliokuwa na akili zao walipolalamika waliambiwa ndiyo, ndiyo, kama ilivyo kanuni.

Chapuchapu safari hii aliogopa mpaka akapata huruma, kitu ambacho huruma yenyewe ilikishangaa. Mchana aliingia chumba cha mzee mmoja, dereva wa malori mstaafu, akafunga mlango, akakaa kando yake kitandani kama alivyofundishwa siku ya kwanza ya kazi. Akamwinua kichwa. Akamwekea kitambaa kifuani. Akachota kijiko kilichojaa, akakipeleka, mzee akafungua mdomo, na kijiko kilipofika kwenye midomo kilikuwa kitupu. Akachota tena, kikajaa, akakiangalia njia nzima bila kupepesa macho, na palepale kwenye midomo ya mzee kikawa kitupu na kikavu, na karibu na sikio lake, karibu kiasi cha kuhisi joto, kitu kikatafuna.

Ndipo akasema ule ukweli. Aliusema wote, kwa haraka na kwa machozi, akiuambia ukuta: ni mimi niliyekukaribisha, nilikukaribisha ili nisimlishe, nimekuruhusu, nenda, tafadhali nenda.

"Mgeni hamfukuzi mwenyeji," sauti ilimjibu, kwa adabu.

Mzee bado alikuwa amefungua mdomo, anangoja. Chapuchapu akasimama, akarudi nyuma na sahani mkononi, akatoka mbio mpaka jikoni. Hapakuwa na mtu. Akaketi kwenye meza ndefu, na hapo akili ilipotulia kidogo akagundua kwamba tumbo linamkata, na akijaribu kukumbuka mara ya mwisho kuhisi chakula kikishuka kooni hakumbuki. Sahani ya mzee ilikuwa mbele yake, bado inatoa mvuke. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Akachota kijiko kimoja, akakizungushia mkono mwingine kama anayekinga mshumaa, akakisogeza taratibu, taratibu kuliko alivyowahi kufanya jambo lolote maishani mwake, akakiingiza mdomoni na kufumba midomo.

Meno yake yakauma chuma kitupu. Upande wa pili wa meza mtu akameza.